Afya ya Nyumba: Barua ya Kiongoroni juu ya Maradhi ya Viungo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa viungo vyetu na Mjuzi wa maumivu yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, mwezi huu tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya maji ya kunywa, lakini tumepokea barua kutoka Kiongoroni, katika delta ya Rufiji, ambayo jibu lake halifai kungoja. Mwandishi wake ni kijana. Jina lake tumelificha ili kumsitiri mama yake, bali khabari yenyewe twaileta kwa kirefu, kwa kuwa twajua kwamba imo katika nyumba nyingi.

Asema kuwa mama yake, mwanamke wa makamo, ameishi kwa jembe la mpunga na kwa ukili wa mikeka. Tangu kusi ya mwaka uliopita vidole vya mikono yake yote miwili vimevimba, kisha vifundo vya mikono, kisha nyayo. Kila alfajiri huamka mwili umekaza, wala hawezi kukunja ngumi mpaka jua lipande, kama saa nne hivi. Kijana alimnunulia vidonge katika duka moja, vimefungwa katika karatasi isiyo na jina. Maumivu yakapungua, lakini uso wa mama ukaanza kuvimba na kuwa mviringo. Majirani nao wamekwisha kuamua kuwa amerogwa, na wamemtaja mwenye kuroga: mama mjane aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Na tangu mwezi wa Rajabu mama ameacha kusali, kwani hawezi kupiga magoti, naye asema kuwa sala isiyo na sijida ni kumfanyia Mungu mzaha.

Kijana atuuliza mambo matatu. Ni maradhi gani haya? Je, ni uchawi? Na je, sala ya mama yake imekwisha? Kisha aongeza la nne kwa haya: nauli ya mashua na ya gari ni nzito kwao, na safari yenyewe hungoja maji yajae, je, iko faida ya kwenda hospitali, au maradhi ya viungo hayana dawa kama wasemavyo watu?

Twaanza na sala, kwani ndiyo iliyomwumiza mama huyu kuliko vidole vyake.

Juu ya sala

Mwambie mama yako, ewe kijana, kwa upole na si kwa kumkemea, ya kwamba sala yake haikukatika. Sahaba Imran bin Huswain (R.A.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamwuliza Mtume (S.A.W.) asali namna gani. Mtume akamfundisha kuwa asali kwa kusimama. Akishindwa, kwa kukaa. Na akishindwa na hilo, kwa ubavu. Khabari hii ameipokea Imam Bukhari, na juu yake wanavyuoni wetu wameijenga sala ya mgonjwa.

Basi anayeweza kusimama lakini hawezi kupiga magoti, asimame kwa kisomo chake, kisha akae juu ya kiti au kitanda, na kwa kurukuu na kusujudu ainame kwa kichwa na kifua kadiri awezavyo, na sijida aifanye chini zaidi kuliko rukuu. Hana haja ya kujilazimisha sakafuni. Katika udhu, yafaa binti au mwana ammiminie maji, na yakiwa ya uvuguvugu ni bora kwa viungo vyake. Ikiwa tabibu ameona kuwa maji yanamdhuru, kuna tayammamu. Na sala zilizompita tangu Rajabu, azilipe kidogo kidogo, akimwuliza sheikh wa msikiti wake utaratibu mwepesi.

Wala asidhani kuwa sala ya kitini ina upungufu mbele ya Mola wake. Imepokewa kwa Abu Musa (R.A.) kuwa mja akiugua huandikiwa amali ile ile aliyokuwa akiifanya alipokuwa mzima. Basi miaka yote ile mama huyu aliyoamka alfajiri na kusujudu bila ya maumivu, leo inamtolea ushahidi. Hayo ndiyo ya kumwambia. Na ninyi mnaosali misikitini, mzee akiingia na kiti chake msimkodolee macho. Mfanyieni nafasi katika safu.

Juu ya uchawi na jirani

Neno hili la pili ni la khatari, kwani aweza kuumia mtu asiye na kosa. Na aghlabu katika nchi yetu anayetajwa ni mwanamke mzee, au mjane, asiye na wa kumtetea. Kumtuhumu Mwislamu bila ya ushahidi ni dhambi kubwa. Akiumizwa kwa ajili ya neno lile, damu yake iko shingoni mwa kila aliyelipokea na kulitembeza.

Sikiliza kisa cha kweli, ambacho ni cha nchi hii hii. Katika mwaka 1952, juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini ya Tanganyika, ilizuka homa ya ghafula. Watu walishikwa na maumivu ya viungo makali hata wakajikunja, wasiweze kusimama wima. Madaktari waliokwenda kuichunguza, Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, wakaandika khabari zake mwaka 1955. Hawakuwa na jina la kuipa, basi wakalichukua jina walilotumia wagonjwa wenyewe kwa Kimakonde, lenye maana ya kujikunja: chikungunya. Leo jina hilo limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima, kutoka India mpaka Brazil. Wakulima wa Newala ndio waliolifundisha.

Na sababu ilikuwa nini? Haikuwa mkono wa jirani. Ilikuwa ni kirusi kidogo mno, kinachochukuliwa na mbu aumaye mchana, yule mwenye madoa meupe. Naye alikuwa akizaliana katika mitungi ya maji iliyokuwa ndani ya nyumba, kwani maji katika uwanda ule yalikuwa adimu na watu waliyaweka akiba. Ugonjwa huo huo ukaja Lamu katika mwaka 2004, na uchunguzi wa damu ukaonyesha kuwa karibu robo tatu ya watu wa pale walipatwa. Mwaka 2005 ukavuka mpaka visiwa vya Komoro. Wengi walipona kwa siku chache, lakini wengine walibaki na maumivu ya viungo kwa miezi, na hata miaka. Je, twaweza kusema kuwa karibu mji mzima wa Lamu ulirogwa na mjane mmoja?

Hatusemi kuwa mama wa Kiongoroni ana chikungunya. Twasema kuwa kila maumivu yana sababu yake, na kutoijua sababu si ruhusa ya kumtafuta mtu wa kulaumiwa. Kijana, nenda kwa yule mjane ukamsalimu, na ukiweza mpelekee chakula. Ukifanya hivyo mbele za watu, maneno ya kijiji yatakufa yenyewe.

Maradhi yenyewe

Wazee wetu waliita maumivu haya kwa jina moja, baridi yabisi. Jina hilo limetokana na tiba ya kale ya Wayunani, ambayo Waislamu waliipokea na kuikuza. Tiba hiyo iligawa tabia za mwili katika joto na baridi, rutuba na ukavu. Na "yabisi" ni neno la Kiarabu lenye maana ya kikavu. Ibn Sina aliandika juu ya maumivu ya viungo katika Qanuni yake, na kabla yake Ar-Razi alitunga kitabu juu ya jongo. Matabibu wa Kiarabu walimtibu mwenye jongo kwa mmea uitwao suranjani, na mpaka leo dawa ya kolkisini, itolewayo katika mmea wa namna hiyo, bado hutumika kwa maradhi hayo hayo. Basi ilimu hii si ngeni kwetu.

Lakini elimu ya leo imetufunza kuwa chini ya jina lile moja kuna maradhi mengi mbali mbali, na dawa ya hili yaweza kuwa madhara kwa lile. Twayataja yale yanayoingia sana majumbani.

La kwanza ni kuchakaa kwa kiungo. Ncha za mifupa yetu zimevikwa gegedu, kitu laini na chenye kuteleza, na baina yake mna ute mfano wa ute wa yai. Kwa umri, au kwa uzito wa mwili, au kwa jeraha la zamani, gegedu hupungua, na mfupa hukaribiana na mfupa. Mara nyingi hushika magoti, nyonga na vidole, kwa watu waliopita miaka 45 au 50. Dalili yake ni kuwa maumivu huzidi kwa kazi na hupungua kwa kupumzika, na ukakamavu wa asubuhi hautimizi nusu saa.

La pili ni lile ambalo askari wa mwili, waliowekwa kupigana na vijidudu, huasi na kuushambulia utando wa viungo. Hili huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na huanza hata kwa mtu wa miaka 30. Huvimbisha viungo vidogo vya mikono na nyayo, kulia na kushoto pamoja, na ukakamavu wa asubuhi hupita saa nzima. Mgonjwa huchoka, hukonda, huwa na homa ndogo. Hili lisipotibiwa mapema hula gegedu na mfupa, vidole vikapinda, na kilichopinda hakirudi.

La tatu ni jongo. Damu huwa na tindikali iitwayo yuriki kwa wingi, ikaganda mfano wa chembe za chumvi ndani ya kiungo. Huja ghafula, aghlabu usiku, na mara nyingi katika kidole gumba cha mguu, hata uzito wa shuka haustahimiliki. Wanaume hupatwa zaidi. Ulevi huuzidisha, nao kwetu ni haramu kwanza. Na mwenye jongo apunguze maini, figo, nyama nyingi, dagaa na kamba. Twajua kuwa kumwambia mtu wa delta apunguze kamba ni kama kumwambia apunguze hewa, lakini afadhali kusema kuliko kunyamaza.

Na watoto nao hawakusalimika. Mtoto aliyeumwa koo, kisha baada ya wiki mbili au tatu akashikwa na homa na maumivu yanayohama kutoka goti hadi kiwiko, apelekwe kwa daktari upesi, kwani maradhi hayo yaweza kuharibu moyo wake ilhali viungo vimepona. Mtoto mchanga anayevimba mikono na miguu na kulia kwa maumivu apimwe selimundu, ugonjwa wa damu ulio mwingi katika nchi yetu.

Na yeyote, mkubwa au mdogo, ambaye kiungo chake kimoja kimevimba ghafula, kina moto, na ana homa, huyo asingoje kesho. Huenda kiungo kimeingia usaha, nao huweza kukiua kiungo kwa siku chache.

Ukitazama khabari za mama wa Kiongoroni, utaona zinafanana na hilo la pili. Lakini hatutoi hukumu kwa barua. Mwenye kuhukumu ni daktari aliyemshika mkono na kuipima damu yake.

Juu ya dawa

Ewe kijana, vidonge vile visivyo na jina vinatutia khofu. Uso kuwa mviringo ni alama ijulikanayo ya dawa za namna ya prednisoloni. Dawa hizi zina historia tukufu: mwaka 1948 Dakta Philip Hench, wa Marekani, aliwapa ya kwanza yake wagonjwa wasioweza kuinuka, nao wakainuka; mwaka 1950 yeye na wenziwe wakapewa tuzo ya Nobel. Lakini upesi ikadhihiri kuwa dawa ile ile, ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, na huvunja kinga ya mwili. Mkononi mwa daktari ni rehema; katika karatasi isiyo na jina ni balaa. Na zipo dawa za unga zisemwazo kuwa za mitishamba, ambazo zimechanganywa na dawa hizi kwa siri. Dawa yoyote inayoondoa maumivu yote kwa siku moja, iulizwe imetoka wapi.

Lakini tahadhari: mama aliyezitumia kwa wiki nyingi asiziache kwa ghafula, kwani mwili umekwisha kuzizoea na huweza kuzimia. Azichukue pamoja na karatasi yake, ampelekee daktari, naye atazipunguza hatua kwa hatua.

Diklofenaki na ndugu zake, ambazo huuzwa kila duka la dawa, hupoza maumivu lakini haziponyi maradhi. Zikitumiwa kila siku huweza kutoboa tumbo na kuumiza figo, khasa kwa wazee na kwa wenye shinikizo la damu. Mtu akipata choo cheusi kama lami, hiyo ni damu; aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa maradhi yale ya pili, dawa inayotumika sana duniani ni methotrekseti. Hapa twamwomba kila msomaji asome mara mbili: dawa hii kwa maradhi ya viungo hunywewa siku moja tu kwa wiki, wala si kila siku. Wako waliokufa kwa kuinywa kila siku. Ichagueni siku, kwa mfano Ijumaa usiku, na mwandike juu ya kasha. Daktari huongeza vitamini iitwayo asidi ya foliki, na hupima damu na ini kila baada ya muda. Mwanamke mwenye mimba, au anayetaraji kuipata, au anayenyonyesha, amwambie daktari kabla ya kuanza. Dawa hii haina haraka. Huchukua wiki 6 mpaka 12 kudhihiri, na wengi huiacha katika wiki ya tatu wakidhani haifai.

Mwenye jongo akipewa alopurinoli ajue kuwa ni dawa ya kuzuia, ya kila siku, hata asipoumwa. Na mwenye goti lililochakaa kabisa ajue kuwa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, hubadilisha magoti na nyonga kwa upasuaji. Si lazima tena mtu apelekwe ng'ambo.

Katika Ramadhani, mgonjwa asijitese wala asijiamulie. Dawa nyingi huweza kuhamishiwa futari na daku kwa shauri la daktari. Ambaye saumu yamdhuru, dini imemfungulia mlango wa kulipa siku nyingine, au wa fidia ikiwa maradhi hayana matumaini ya kupona.

Wasemavyo waliougua

Elimu ya vitabu haitoshi. Katika miaka ya karibuni watafiti wa KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow, walikwenda wilaya ya Hai kuwasikiliza wenye maradhi ya viungo na jamaa zao waeleze wenyewe wanavyoishi nayo. Hiyo ndiyo njia. Aumwaye ndiye ajuaye mahali panapouma.

Lakini sisi Waislamu tuna mizani ambayo yafaa kuitumia hapa. Maulamaa wetu wa Hadithi hawakupokea neno illa baada ya kuuliza: nani amelisema? Amelisikia kwa nani? Alikuwapo? Basi ukiambiwa dawa ya viungo, uliza vivyo hivyo. Je, uliyatumia wewe mwenyewe, au umesikia? Ulikuwa na maradhi yapi? Yalipungua kwa siku ngapi? Je, ulikuwa ukinywa na dawa nyingine? Utaona kuwa khabari tisa katika kumi huishia kwa "nimesikia". Na ile iliyobaki, ijapokuwa ni ya kweli, ni ya mwili wa aliyeisema. Jongo la mwenzako si baridi yabisi yako.

Kwa mizani hiyo tumekusanya haya kutoka kwa wasomaji wenye maradhi haya, tukayaacha yale tu ambayo matabibu nao huyakubali.

Mama msuka mikeka asema kuwa huloweka mikono katika maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi kabla ya kushika ukili, na husuka vipindi vifupi, akipumzika kabla maumivu hayajamshika. Mwingine ameuzungushia kitambaa mpini wa kisu na wa mwiko ukawa mnene, basi hana haja ya kubana vidole kwa nguvu.

Mzee mvuvi asema kuwa aliacha kutembea kwa kuogopa maumivu, na miguu ikazidi kulegea. Sasa kila asubuhi na jioni hukaa kitini, hunyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke, huhesabu mpaka tano, hushusha, mara kumi kila mguu. Misuli ya paja ikipata nguvu hulibebea goti mzigo. Tena bakora yake huishika kwa mkono ulio kinyume cha goti linaloumwa. Wengi hushika upande ule ule, na hawapati faida.

Bibi mmoja asema kuwa aliacha kupikia juu ya kigoda cha chini, akainua mafiga yake juu ya jiko la udongo, apike amesimama au ameketi juu. Kwa choo cha kuchuchumaa, mwanawe alimpasulia kiti cha zamani tundu katikati, akakiweka juu ya shimo. Asema kuwa kiti kile kimemrudishia heshima yake kuliko dawa yoyote. Nasi twakubali.

Na mwenye mwili mzito asema kuwa alipopungua, magoti yalipumua. Ni kweli: kila kilo moja ya mwili hulitwika goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua.

Safari ya kwenda kwa daktari

Twarudi kwenye nauli. Twajua kuwa mtu wa Kiongoroni hatoki kwa miguu kama wa mjini. Hutazama maji kwanza, kisha mashua, kisha gari la Kibiti. Basi ikiwa mama yako ana maradhi ya pili tuliyoyataja, faida ya safari ni mikono yake. Kila mwezi unaopita bila ya dawa iliyo sawa, kiungo huliwa. Usingoje mavuno. Uza kinachouzika, au waombe jamaa; na jamaa mkiombwa, toeni.

Ili safari isipotee bure, mfanye hivi. Kwa wiki moja kabla ya kuondoka, andika katika daftari kila siku: ameamka saa ngapi, na mwili umelainika saa ngapi; viungo gani vimevimba; amekunywa dawa gani. Chukueni kila karatasi na kila kasha la dawa. Anzeni zahanati, mkaombe barua ya kwenda mbele, kituo cha afya cha Kibiti au hospitali ya misheni ya Mchukwi. Na ikibidi mtapelekwa Muhimbili. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache mno nchini, basi mkifika kwa mmoja wao, daftari lile litasema katika dakika tano yale ambayo mama kwa haya yake hatayasema kwa saa nzima.

Na kabla hamjatoka chumbani mwa daktari, ulizeni maneno matano: maradhi haya yanaitwaje? Dawa hii inaitwaje, na hunywewa mara ngapi? Itaanza kufaa lini? Dalili gani nikiiona nirudi upesi? Na lini nipime damu tena? Yaandikeni majibu. Ikiwa mgonjwa amefika miaka 60 na hana uwezo, ulizeni kwa mtendaji wa kijiji juu ya msamaha wa matibabu kwa wazee, uliotajwa katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na utaratibu ulivyo sasa.

Neno kwa vijana

Mwanamke mwenye maradhi haya hana jeraha la kuonekana. Asubuhi hawezi kuinua ndoo, na jioni huonekana akitembea. Basi mkwewe asema ni mvivu, na mumewe asema ajisingizia. Enyi vijana, maumivu yanayokwenda na kurudi si uwongo. Ndivyo yalivyo maradhi haya. Mchoteeni maji, mtwangieni, mfungieni vifungo vya nguo yake bila ya kumwaibisha. Msimfanye kuwa kitu cha kuhurumiwa pia. Mwacheni afanye awezalo, kwani mwenye kunyang'anywa kila kazi huona amekwisha kufa.

Kijana wetu wa Kiongoroni, Mwenyezi Mungu akulipe kwa kuandika. Mpe mama yako salamu zetu, na umwambie kuwa leo, kabla ya mashua na kabla ya daktari, ipo Adhuhuri moja inayomngoja. Avutiwe kiti, aelekezwe kibla.

Ewe Mola, wape shifaa wagonjwa wetu, wape subira wawauguzao, na uwalinde wasio na kosa na ndimi za watu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.